Kona ya Anti: Chai inanukia pichi, mdomoni pichi haipo

Haya wapenzi wa kona, toleo lililopita niliandika kamstari kamoja tu pale mwishoni kwamba siku hizi nakunywa chai za fleva, sikujua nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi hadi zile za mapenzi na za wakwe nimezisogeza toleo lijalo, leo ni birika tu. Nimechagua chache, zingine zinauliza kitu kilekile kwa hiyo ukiona swali lako halipo soma la jirani yako, jibu utalikuta humo humo.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mtu wa chai ya rangi toka nijitambue, sukari vijiko viwili basi maisha yanaendelea. Sasa juzi nimepewa zawadi paketi ya chai ya fleva ya pichi, kufungua tu aisee ile harufu!! nikasema leo ndo leo. Nikabandika sufuria, maji yakachemka nikatumbukiza vifuko viwili, vikachemkia humo kama dakika kumi hivi huku nyumba nzima inanukia pichi mpaka watoto wanauliza mama umenunua nini, nikaweka sukari yangu nikakaa kwenye kochi nikanywa. Anti, pichi sikuiona. Ni chai chungu ina ukakasi unakaza ulimi, halafu kwa mbaaali kuna kitu kama kinataka kuwa pichi ila kinaona aibu. Nimepewa feki? au ulimi wangu ndo una shida? na je nikiweka vifuko vitatu itasaidia? — Ulimi Mzito

JIBU: Marahaba mwanangu. Sio feki na ulimi wako mzima kabisa, tena ungekuwa mbovu usingeuona huo ukakasi. Shida ni kwamba pichi uliitafuta kwa ulimi na ulimi hauna uwezo wa kuiona pichi hata ungeukalisha mbele ya mti wake.

Ngoja nieleze maana hapa ndo penye kila kitu na nikishapamaliza hapa barua zingine zitajibika haraka. Ulimi unajua vitu vichache sana, utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ile ladha nzito ya kama mchuzi wa nyama ambayo Wajapani wanaiita umami. Basi. Hayo mengine yote tunayoyaita ladha, pichi, vanila, iliki, asmini, embe, ni harufu. Unapomeza, hewa inapanda kwa nyuma kule kooni inaingia puani kwa mlango wa uani, pua inanusa, ubongo unachanganya na ulichopata ulimini unakwambia hii ni pichi. Huniamini, bana pua kwa vidole viwili, weka chochote chenye fleva mdomoni utafune, utasikia utamu au uchachu tu na hujui ni tunda gani. Achia pua. Linakuja lote kwa mpigo. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni kama kichaa.

Sasa rudi kwenye sufuria yako. Umesema nyumba nzima ilinukia pichi. Mwanangu, hiyo ndo pichi yenyewe ilikuwa inaondoka! Vitu vinavyotoa harufu ni vyepesi, vikipata moto vinapanda na mvuke vinakwenda zake, na wewe umevipa dakika kumi na sufuria wazi, wamekunywa pichi mapazia na makochi. Wakati huohuo majani yenyewe yanazidi kutoa tanini, na tanini ndo zinaleta huo uchungu na kukaza ulimi. Harufu inatangulia kutoka, tanini zinafuata na hazichoki. Kwa hiyo kadri unavyochemsha ndivyo unavyopoteza ulichokitaka na kuongeza usichokitaka. Ukiweka vifuko vitatu utazidisha uchungu na makochi yatanukia zaidi, ndo faida yake.

Fanya hivi. Chemsha maji peke yake, majani yasiguse sufuria. Weka kifuko kimoja kwenye kikombe cha kawaida kile cha kama mililita 200, vifuko vingi huwa na gramu 2 hivi na kimoja kinatosha. Mimina maji, FUNIKA na kisosi. Hicho kisosi usikidharau, ndo kinazuia pichi isitoroke. Subiri dakika 3, angalia saa usikadirie kwa sababu dakika tatu za kusubiri chai ni ndefu utaitoa mapema, au utaenda kushika simu utarudi baada ya robo saa. Toa kifuko, mi sipendi kukikamua maana kinamwaga tanini za mwisho mwisho humo. Sasa kabla ya kunywa funua kisosi usogeze pua unuse, halafu piga funda dogo bila sukari, meza, na baada ya kumeza toa pumzi kwa puani taratibu mdomo umefungwa. Hapo ndipo pichi ilipo, kwenye ile pumzi.

Baada ya hapo weka sukari, hata nusu kijiko, unuse na unywe tena. Utashangaa pichi imezidi. Sukari haina pichi, ila ubongo umezoea maisha yote kwamba harufu ya tunda lililoiva inakuja pamoja na utamu, sasa ikija harufu peke yake unaona kama kuna kitu hakijakamilika, ukiupa utamu kidogo unasema eeh sasa hii ni pichi. Kwa hiyo wale wanaokwambia chai ya fleva ni dhambi kuweka sukari wapuuze, ila vijiko viwili ni vingi hapa, utamu ukizidi unaifunika chai yenyewe.

Ila lazima niseme na hili ili usije ukanilaumu. Hata ukiipika sawasawa haitakuwa juisi. Wengi tunakosea hapo, picha kwenye paketi ina pichi limekatwa linadondosha maji, kwa hiyo mdomo unajiandaa kupokea juisi inakuja chai. Itakuwa chai, yenye uchungu wake kidogo wa kichai, iliyopita karibu na pichi. Ukiisubiri hivyo utaipenda. Ukiisubiri juisi utaichukia hata ingetengenezwa na malaika.

SWALI: Anti mambo, nami nimeanza hizo chai ila kifuko changu nimekichana (udaku tu) ndani nikakuta majani meusi na vipande viduuchu vya tunda kama vinne hivi. Hivi hivyo ndo vinatoa hiyo harufu yote? — Mchana Vifuko

JIBU: Poa mdogo wangu, udaku mzuri huo. Hapana, vile vipande kwa dakika tatu havitoi kitu cha maana, zaidi ni urembo na uchachu kidogo. Harufu mara nyingi imepuliziwa, wanachukua majani ya chai yaliyokwisha kukaushwa wanayazungusha kwenye pipa huku wanayanyunyizia fleva ya majimaji, majani ya chai yana tabia ya kunyonya harufu kama sponji kwa hiyo yanaibeba. Sio ujanja wala sio wizi, ndo jinsi chai nyingi za fleva zinavyotengenezwa.

Cha kusoma ni maneno nyuma ya paketi. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya kuna kanuni ya mwaka 2008 namba 1334, ile inasema ukiandika fleva ya asili ya pichi basi angalau asilimia 95 ya hiyo fleva iwe imetoka kwenye pichi kweli. Ukiandika "fleva ya asili" bila kutaja tunda, inaweza kuwa imetoka kwenye mimea mingine ikapangwa mpaka ikanukia pichi. Na ukiandika "fleva" tu, inaweza kuwa ya maabara. Ya maabara sio sumu na mara nyingi ni molekuli ileile, vanilini kwa mfano, nyingi inayotumika duniani haijawahi kuona ganda la vanila, ila ya asili huwa na vikorokoro vingi vidogovidogo nyuma yake ndo maana inasikika nzito zaidi puani. Mimi kwa vanila nasikia tofauti, kwa pichi nakiri sisikii.

SWALI: Shikamoo Anti, naomba nisicheke peke yangu. Nimenunua chai ya asmini, nimeimimina kwenye kikombe nikatafuta maua sikuona hata moja. Halafu ikawa chungu kama dawa ya malaria. Wameweka asmini gani hiyo isiyoonekana? — Mtafuta Maua

JIBU: Marahaba. Hii ndo chai ninayoipenda kuliko zote kwa hiyo nivumilie nitaongea.

Maua yalikuwepo yakaondolewa. Kule China, hasa mji wa Fuzhou mkoa wa Fujian ambako ndo nyumbani kwa chai hii (FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liliuweka utaratibu wao wa mashamba ya asmini na chai kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2014), wanachuma vitumba vya asmini mchana vikiwa bado vimefumba. Asmini ina maringo, inafunguka usiku, na ikifunguka ndo inaachia harufu. Kwa hiyo jioni wanayachanganya maua na majani ya chai, tabaka kwa tabaka, usiku kucha yanafunguka humo humo, majani yananyonya harufu na unyevu, asubuhi maua yamenyong'onyea wanayachekecha wanayatoa, chai inakaushwa tena. Kesho maua mapya, usiku mwingine. Chai nzuri inapitishwa hivyo mara kadhaa. Ndo maana huoni ua, na kwa kweli kwenye chai hii ukiona maua makavu mengi sana yameachwa humo isiwe ndo sababu ya kuilipia zaidi, yameshatoa yalichokuwa nacho.

Sasa uchungu. Mara nyingi chini yake ni chai ya kijani, na chai ya kijani haitaki maji yanayotokota. Chai nyeusi inavumilia nyuzi 95 mpaka 100, ya kijani ipe 70 hadi 80 na dakika 2, isizidi 3. Huna kipimajoto? hata mimi sina. Chukua vipimo vitatu vya maji yaliyotoka kuchemka uchanganye na kipimo kimoja cha maji ya kunywa ya baridi, unapata karibu nyuzi 80, hesabu ya darasani kabisa. Na ukimaliza usitupe majani, kama ni yale ya kumwaga sio ya kifuko, mimina tena maji, kikombe cha pili cha asmini wengine tunakipenda kuliko cha kwanza.

Na nikwambie siri, usijione mjinga. Mara ya kwanza nilipopewa hii chai niliipika na maziwa. Nusu lita ya maziwa, tangawizi, nikachemsha mpaka ikapanda, nikampelekea aliyenipa kikombe chake kwa heshima zote. Alikunywa chote. Hakusema kitu. Ni baada ya miaka mingi ndo nilikuja kuelewa nilichomfanyia yule mama na mpaka leo nikikumbuka nafumba macho.

SWALI: Anti kwema? Mwenzenu nimejaribu chai ya Earl Grey kwa sababu kila mtu anaisifia. Samahani kwa wapenzi wake lakini hii kitu inanukia pafyumu. Kama nimekunywa sabuni ya kuogea ya mtu tajiri. Nina kasoro? — Sabuni ya Tajiri

JIBU: Kwema mwaya, na umenichekesha ila pua yako iko sahihi kuliko unavyodhani. Ile harufu ni ya bergamoti, tunda la jamii ya limau na chungwa, linalimwa zaidi Calabria kule kusini mwa Italia. Watu hawalili kama chungwa, lina uchachu na uchungu wa kukunja uso, linalotakiwa ni mafuta ya ganda lake. Na hayohayo mafuta yamekuwa kwenye manukato tangu enzi hizo, ile kolon ya kwanza kabisa iliyotengenezwa mji wa Cologne, Ujerumani, mwaka 1709 ilikuwa na bergamoti. Kwa hiyo chai hainukii pafyumu, pafyumu ndo inanukia bergamoti na wewe umekutana na pafyumu kwanza! Ungekutana na chai kwanza ungeingia duka la manukato ukasema mbona wanauza chai.

Jina ni la Charles Grey, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1830 hadi 1834. Hadithi za jinsi jina lake lilivyofika kwenye chai ziko nyingi na tamu, mimi siziamini hata moja.

Kuizoea kwake: dakika 2 tu badala ya nne, na weka maziwa kidogo, mafuta ya maziwa yanaituliza ile harufu isikupige usoni. Kama bado unaona sabuni baada ya vikombe vitatu siku tatu tofauti, achana nayo, kuna watu haiwaingii na hakuna cheti kinachotolewa kwa kuipenda. Ila ukiipenda usije ukaipenda kupita kiasi, jarida la madaktari la Lancet mwaka 2002 liliandika kisa cha bwana mmoja aliyekuwa anakunywa mpaka lita 4 za Earl Grey kwa siku, misuli ikawa inamkaza na macho yanaona ukungu, alipoipunguza na kurudi kwenye chai nyeusi isiyo na bergamoti yakaisha. Lita nne. Kikombe chako kimoja cha jioni kunywa kwa amani.

SWALI: Anti shikamoo, chai yangu imeganda!!! Nimeloweka ile nyekundu ya rozela, rangi nzuriii, nikaweka maziwa ikawa mabonge mabonge ya rangi ya waridi kama kitu kimetapikwa. Maziwa yalikuwa mazima nimeyanywa kabla. Imeharibika au? — Mabonge

JIBU: Marahaba. Haijaharibika ila umeikatisha mwenyewe. Rozela, wengine mnaiita choya, ni chachu kweli kweli, na maziwa yakikutana na uchachu protini yake inayoitwa kaseini inashikana inakuwa mabonge, moto ndo unaharakisha zaidi. Ndo njia ileile ya kutengeneza jibini, hongera umetengeneza jibini la waridi. Usinywe tu kwa sababu haina raha, haitakuua.

Kanuni yake fupi: chai ya limau, ya rozela, ya matunda machachu, maziwa yakae mbali. Chai nyeusi yenye vanila, karameli, mdalasini, iliki, chokoleti, hapo maziwa yanakaribishwa kwa mikono miwili. Na rozela si majani ya chai hata kidogo, ni ua, hakuna tanini kali za chai wala kafeini kwa hiyo unaweza kuiacha hata dakika 8 au 10 haitakununia. Tena yenyewe na zile za matunda ndo nzuri za baridi, loweka kwenye maji yaliyochemka kwanza, iache ipoe, jokofuni.

SWALI: Habari Anti. Kuna chai nimenunua inaandikwa haina sukari lakini ni TAMU, nikimeza utamu unabaki kooni dakika nzima. Nimeipenda nakunywa vikombe vinne vitano kwa siku badala ya soda. Nina presha ila niko kwenye dawa. Kuna shida? — Tamu Bila Sukari

JIBU: Nzuri mwenzangu, ila hapa naacha utani. Geuza paketi sasa hivi usome vilivyomo. Kama kuna mzizi wa licorice, ule ambao kwenye Kiswahili cha zamani unaitwa urukususu, weka kikombe chini. Utamu wa kubaki kooni ndo tabia yake. Ule mzizi una kitu kinaitwa glisirizini, ukiutumia kwa wingi na kila siku unapandisha presha na kushusha potasiamu mwilini, na mwenye presha ndo wa mwisho anayetakiwa kuunywa vikombe vitano. Kuna na dawa za presha ambazo zenyewe zinashusha potasiamu, sasa ukijumlisha na hiyo chai unaona inakoelekea. Nenda na paketi yenyewe kwa daktari au mfamasia wako, mwoneshe, mwambie umekunywa kwa muda gani. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Inawezekana ikawa ni stevia tu (majani matamu yanayowekwa badala ya sukari) au harufu ya vanila na mdalasini inayoudanganya ubongo, hapo utapumua, lakini soma kwanza.

Na hii iende kwa wote, chai ikiandikwa tu "ya mitishamba" haimaanishi ni maji. Mwenye mimba, mwenye dawa za kila siku, soma vilivyomo kabla ya kuloweka.

SWALI: Anti, mi ni mjamzito wa miezi mitano na nimetamani hizo chai za fleva mnazoziongelea, kafeini inakuaje? Na usiku nalala vibaya. — Mama Kijacho

JIBU: Hongera mwanangu. Ukiona kwenye paketi chai nyeusi au ya kijani basi kafeini ipo, fleva haiipunguzi, pichi haina uwezo huo. Kikombe kikubwa cha chai nyeusi cha kama mililita 240 kina karibu miligramu 47, kahawa ya ukubwa huo kama 95. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema mjamzito asizidishe miligramu 200 kwa siku, ukijumlisha kila kitu, kahawa, chai, soda ya kola, chokoleti. Kwa hiyo kikombe kimoja viwili mchana sawa, jioni acha. Na usinywe na chakula wala na vidonge vya madini ya chuma, tanini zinazuia chuma kisifyonzwe vizuri, pisha kama saa moja au mbili.

Cha usiku jaribu rooibos, kile kichaka cha milima ya Cederberg kule Afrika Kusini, chai yake nyekundu, haina kafeini kabisa na tanini zake chache, kinauzwa chenye vanila na ndo hiyo naipenda. Ila mwambie mkunga wako kwanza, kila mimba na mambo yake.

SWALI: Anti nisaidie kumshinda mume wangu. Anasema chai za fleva ni uzushi, zote ladha moja tunadanganywa na makaratasi. Nataka nimwekee bila kumwambia nione. — Mke wa Mbishi

JIBU: Usimwekee bila kumwambia, akigundua atakuwa ameshinda yeye. Fanya mbele yake. Vikombe viwili, kimoja chai nyeusi ya kawaida kimoja chai nyeusi ya fleva, kipimo kilekile cha maji, dakika zilezile, vyote bila sukari, vyote vimefunikwa. Akae, afunue kimoja anuse anywe, halafu cha pili, arudi cha kwanza. Ukinywa ya fleva peke yake unaweza kusema ah ni chai tu, lakini ukiiweka pembeni ya mwenzake tofauti inajitokeza yenyewe. Hata kwa anayeanza ndo njia bora kuliko kununua paketi kumi za rangi rangi.

Halafu mwambie abane pua anywe zote mbili. Hapo zitakuwa sawa kabisa na atashangilia kwamba ameshinda, mwache ashangilie, halafu mwambie achie pua.

Na akisema bado haipendi, basi haipendi dada yangu. Mnunulie ya kawaida yenu mwende.

SWALI: Anti nina chai aina sita kwenye kabati, ya minti, ya mdalasini, ya pichi, ya vanila, ya limau na ya kawaida. Sasa zote zinanukia minti. Hata ya kawaida. Hata sukari nahisi inanukia minti. — Sita Zimekuwa Moja

JIBU: Si nilisema majani ya chai ni sponji? Minti ndo mkorofi wao. Kila chai ikae kwenye kopo lake lenye mfuniko wa kubana, la bati ndo zuri zaidi maana mwanga nao unaharibu, mbali na jiko, mbali na viungo na kahawa na, tafadhali, mbali na sabuni ya unga. Minti iwe na kopo mbili, yani kopo ndani ya kopo. Zilizokwisha kunukia minti hazirudi, zinywe hivyohivyo kama chai ya minti, una sita. Ya pichi yenye minti ikiwa ya baridi sio mbaya hata kidogo, nimejaribu jana baada ya kusoma barua yako. Sukari itandaze kwenye sinia masaa kadhaa mahali pakavu, itaachia.